Viganja Vyeupe na Dripu ya Maji: Uchambuzi wa Kisa cha Mtoto Aliyepungukiwa Damu

## Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea msimu wa mvua katika kituo cha afya cha kijijini, Kanda ya Ziwa nchini Tanzania. Majina, tarehe na jina la kituo vimeondolewa, na mambo machache yanayoweza kumtambulisha mtu yamebadilishwa. Mimi ndiye niliyekuwa tabibu wa zamu. Tiba niliyoianza mwanzoni ndiyo iliyomzidishia mtoto hali mbaya. Nakieleza kwa kirefu kwa sababu tiba hiyo bado inaandikwa kila siku kwenye vituo kama chetu, tena kwa nia njema kabisa.

## Usuli

Mtoto alikuwa na umri wa miaka 2 na miezi 4, uzito kilo 11. Homa ilikuwa siku ya tano. Siku ya pili baba yake alinunua dawa mseto ya malaria dukani. Mtoto akatapika dozi ya kwanza na haikurudiwa. Homa ilipotulia siku ya tatu, vidonge vilivyobaki vikafungwa kwenye kipande cha gazeti vikawekwa akiba. Siku ya nne bibi yake, ambaye ndiye anayemlea mchana, aliona midomo imepauka. Akachemsha rozela, akampa kikombe asubuhi na kikombe jioni pamoja na dawa ya maji ya kuongeza damu. Siku ya tano mtoto hakuweza tena kukaa. Alikuwa analala begani, anahema.

Sina lawama kwa bibi. Aliona kupauka kabla ya mtu mwingine yeyote, na alifanya alichofundishwa. Shida ni muda. Chuma kinachotoka kwenye chakula au dawa ya maji hupelekwa kwenye uboho ndani ya mifupa, huko ndiko chembe nyekundu zinakotengenezwa, na kazi hiyo huchukua wiki kadhaa. Malaria kali huzipasua chembe hizo kwa saa na siku. Tena si zile zenye vimelea peke yake: bandama huondoa pia nyingi ambazo hazijaambukizwa, na uboho wenyewe hulegea kazi wakati wa ugonjwa. Hakuna kikombe cha rozela kinachoweza kushindana na kasi hiyo.

Kituo chetu kina wodi ya watoto ya vitanda 8, maabara ndogo, mashine moja ya oksijeni na friji ya damu. Damu yenyewe huletwa kutoka hospitali ya wilaya, kilomita 36 kwa barabara ya vumbi ambayo msimu ule ilikuwa tope.

## Mfuatano wa matukio

Walifika saa 8:50 mchana, wakakaa kwenye foleni ya wagonjwa wa nje pamoja na wengine. Zilipita kama dakika 40 kabla muuguzi aliyekuwa akipita hajakishika kiganja cha mtoto, akakilinganisha na chake, na kumbeba moja kwa moja hadi wodini.

Joto lilikuwa nyuzi 38.6. Mapigo ya moyo 168 kwa dakika, pumzi 52, tena za kina, mbavu zikionekana. Mikono ilikuwa ya baridi. Nilipobonyeza ukucha na kuachia, rangi ilichukua kama sekunde 3 kurudi. Kipima oksijeni cha kidoleni kilisoma asilimia 96. Kipimo cha haraka cha malaria kilikuwa chanya, sukari ya damu 4.3, na himoglobini, kile kibeba-oksijeni cha damu, gramu 3.4 kwa kila desilita. Kwa umri wake, chini ya 11 tayari ni upungufu.

Mtaalamu wa maabara aliniita nione tone lenyewe. Damu ya mtoto mzima ikidondoka kwenye kioo huwa nzito, nyekundu iliyokoza. Hii ilitandaa haraka hadi pembeni na rangi yake ilikuwa kama ya rozela iliyochujwa mara ya pili. Niliiona kwa macho yangu, na bado sikuelewa inaniambia nini.

Saa 9:45 alasiri nilimpa artesuneti, dawa ya malaria kali, miligramu 33 mshipani, kisha nikaandika dripu ya maji ya chumvi, mililita 220 kwa nusu saa. Saa 10:05 muuguzi, dada mwenye miaka mingi wodini, akaja mezani kwangu. "Daktari, njoo umshike tumbo. Ini linashuka."

Nilipompokea, ini lilikuwa vidole viwili chini ya mbavu. Sasa lilikuwa vidole vinne. Mapigo yalikuwa 184, pumzi 64, na kwenye sehemu ya chini ya mapafu pande zote mbili nikasikia mchakacho mwembamba, kama nywele zinazosuguliwa kati ya vidole karibu na sikio. Ilikuwa imeingia nusu ya dripu, kama mililita 110. Tukaifunga.

## Kwa nini niliandika maji

Niliona mikono ya baridi, mapigo ya haraka na mtoto aliyelegea, nikasema moyoni: huyu yuko kwenye mshtuko, damu haizunguki ya kutosha, mishipa imekauka, ijazwe. Ndivyo nilivyofundishwa. Na kulikuwa na jambo la pili ambalo sisi matabibu hatulisemi sana. Baba alikuwa amesimama mlangoni, ameuliza mara mbili: "Daktari, mbona hamjamtundikia dripu apate nguvu?" Kwetu mgonjwa asiye na dripu huonekana kama hajaanza kutibiwa. Dripu ikining'inia, kila mtu anapumua, na tabibu pia.

Nikirudia vipimo nilivyoviandika kwa mkono wangu, naona kwamba haukuwa mshtuko kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani (WHO), ambacho kinataka dalili tatu kwa pamoja: mikono na miguu ya baridi, rangi inayochelewa kurudi kwa zaidi ya sekunde 3, na mapigo ya haraka yaliyo dhaifu. Mikono ya huyu ilikuwa ya baridi, lakini mtoto ambaye homa yake inapanda hupoa mikono. Rangi ilirudi ndani ya mpaka. Na mapigo hayakuwa dhaifu hata kidogo. Nilipoweka kidole kwenye kifundo cha mkono yaligonga kwa nguvu, kama mtu anayebisha hodi kwa ngumi. Mishipa iliyokauka haigongi hivyo.

Kuna mtego pia ndani ya maneno yetu. Tunasema "amepungukiwa damu" kwa mama aliyevuja baada ya kujifungua, na tunasema "amepungukiwa damu" kwa mtoto wa malaria. Maabara kipimo tunakiita "wingi wa damu". Neno ni moja, hali ni mbili. Mama yule amepoteza ujazo: kimiminika chenyewe kimemwagika, na mishipa iko nusu tupu. Mtoto huyu hakumwaga hata tone. Mishipa yake ilikuwa imejaa. Kilichopungua ni chembe zinazoelea ndani yake.

## Kilichokuwa kinaendelea ndani ya mishipa

Mtoto wa kilo 11 ana damu mililita 880 hivi, maana huwa ni takriban mililita 80 kwa kila kilo. Katika hali ya kawaida chembe nyekundu huchukua zaidi ya theluthi moja ya ujazo huo, na karibu kiasi chote kinachobaki ni plazma, maji ya rangi ya manjano hafifu yenye protini na chumvi. Kwa himoglobini ya 3.4, chembe nyekundu za huyu zilikuwa kama asilimia 10 tu. Mililita zile 880 zilikuwapo karibu zote. Zilikuwa plazma inayozunguka na wabebaji wachache wa oksijeni.

Himoglobini ndiyo inayobeba oksijeni. Gramu moja ikijaa hubeba mililita 1.34. Mtoto mwenye himoglobini ya 11.5 ana kama mililita 15 za oksijeni katika kila mililita 100 za damu. Huyu alikuwa na mililita 4.4. Na hapa ndipo kipima cha kidoleni kiliponidanganya: kinapima ni sehemu gani ya himoglobini iliyopo imebeba mzigo, hakihesabu wabebaji. Kwenye daladala zilizobaki mbili barabarani kati ya kumi, zote mbili zinaweza kuwa zimejaa abiria na bado kituo kizima hakijasafiri. Asilimia 96 ilinituliza, na kwa sababu hiyo oksijeni iliyokuwa hatua tatu kutoka kitandani haikufunguliwa hadi saa 10:05.

Sasa moyo. Moyo ni pampu mbili zilizoshikana. Upande wa kulia hupokea damu iliyorudi mwilini na kuisukuma kwenye mapafu. Upande wa kushoto hupokea kutoka mapafuni na kuisukuma mwilini. Pande zote mbili lazima zisukume kiasi kilekile, kwa sababu barabara ni moja ya mzunguko. Moyo wa mtoto wa ukubwa huu, akiwa ametulia, husukuma takriban lita 2 kwa dakika. Mwili wake unataka kama mililita 70 za oksijeni kwa dakika. Akiwa na damu ya kawaida hupelekewa mililita 300, anatumia robo, kinachobaki ni akiba. Kwa damu ya 4.4, lita zile 2 zinabeba chini ya mililita 90. Akiba imekwisha. Na homa inaongeza mahitaji.

Kwa hiyo moyo hufanya kitu kimoja unachoweza: unazungusha wabebaji haohao wachache mara nyingi zaidi. Moyo wa mtoto mdogo hauwezi kuongeza sana kiasi cha kila pigo, hivyo huongeza idadi ya mapigo. Mishipa midogo hutanuka kurahisisha njia, na damu nyepesi hupita kwa urahisi. Ndiyo maana mapigo yanagonga. Ile 168 niliyoisoma kama dalili ya ukavu ilikuwa moyo uliokuwa tayari karibu na mwisho wa uwezo wake. Pumzi za kina nazo hazikuwa nimonia. Tishu zilizokosa oksijeni zilikuwa zinatengeneza asidi, na mtoto alikuwa anaitoa kwa kupumua.

Juu ya hali hiyo nikaongeza mililita 110 za maji ya chumvi. Kama zingebaki zote ndani ya mishipa, himoglobini ingetoka 3.4 hadi 3.0. Sikuongeza mbebaji hata mmoja; niliwatawanya. Na moyo, uliokuwa unapokea damu nyingi inayorudi, ukapokea nyingine zaidi. Upande wa kulia ulipozidiwa, damu ilirudi nyuma kwenye vena kubwa, mishipa inayoirudisha damu moyoni, na kulijaza ini, ndipo likashuka chini ya vidole vya muuguzi. Upande wa kushoto ulipozidiwa, maji yalianza kuvuja kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, na hicho ndicho kilichochakacha kwenye stetoskopu.

Elimu hii ilipatikana hapahapa kwetu. Utafiti wa FEAST ulifanyika Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na dalili za mzunguko wa damu kudorora, ukachapishwa mwaka 2011. Wengi wao walikuwa na malaria, na takriban theluthi moja walikuwa na himoglobini chini ya 5. Waliopewa maji mengi ya haraka walifariki zaidi ndani ya saa 48, karibu asilimia 10.6, wakati waliotunzwa bila maji hayo ilikuwa 7.3. Nilikuwa nimeusikia utafiti huo. Niliudhani unahusu mjadala wa wataalamu wa hospitali kubwa. Mtoto aliyekuwa mbele yangu ndiye hasa aliyezungumziwa.

## Kutafuta damu

Mtoto alikuwa kundi O chanya. Kwenye friji palikuwa na mifuko miwili, mmoja A na mmoja AB. Chembe za kundi A zina alama juu yake ambayo plazma ya mtu wa O tayari ina kingamwili dhidi yake. Ukimwekea, mwili unazishambulia na kuzipasua ndani ya mishipa. Baba akakunja mkono wa shati akasema achukuliwe yeye. Kundi lake ni A. Mama ni O, lakini alikuwa ananyonyesha na mwenyewe ana upungufu. Zaidi ya hapo, damu ya ndugu haipiti njia ya mkato: inapimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende, sawasawa na ya mgeni.

Tukabaki na swali moja: twende na mtoto, au damu ije? Gari la wagonjwa lilikuwa limempeleka mzazi mwenye uchungu pingamizi na lisingerudi kabla ya jioni. Gari la kukodi lilipatikana, ila halina oksijeni, na ni zaidi ya saa nzima kwenye tope. Nilichagua damu ije. Saa 10:30 mtaalamu wetu wa maabara alipanda bodaboda na sampuli ya mtoto na kisanduku cha baridi, huku nikiwapigia simu wenzetu waanze kuandaa mfuko wa O.

Ilibaki kusubiri. Tulimwinua kichwa na kifua, tukamwekea oksijeni ya puani, tukamshusha homa, na kumhesabu mapigo na pumzi kila robo saa. Hatukumpa maji mengine mshipani. Hiyo ndiyo sehemu iliyonigharimu zaidi moyoni, kwa sababu baba aliona tumeondoa dripu na akaamini tumekata tamaa. Nilikaa naye kwenye benchi nikamwambia wazi kwamba maji yale nimeyaandika mimi, hayakumfaa, na anachohitaji mtoto kiko njiani. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza bodaboda imefika wapi.

Damu ilifika saa 1:20 usiku. Tulisoma namba ya mfuko na jina watu wawili kwa sauti, kisha saa 1:35 tukaanza. Bibi akaukazia macho mfuko. "Mwanangu, hiyo damu ni ya nani?"

"Hatumjui, bibi. Ni mtu aliyejitolea tu."

"Haya. Mungu amrudishie alipopunguza."

Kiasi kilikuwa mililita 220 za damu nzima, yaani 20 kwa kila kilo. Tungeweza kwenda hadi 30, lakini utafiti wa TRACT uliofanyika Uganda na Malawi na kutoka mwaka 2019 ulionyesha kuwa wanaonufaika na 30 ni watoto wasio na homa wakati wa kuanza. Wenye homa wanafanya vizuri zaidi na 20. Wetu alikuwa bado na 38.1. Robo saa ya kwanza tulikwenda polepole tukimwangalia usoni, kisha matone 18 kwa dakika, ambayo kwa mpira wa damu ni kama mililita 55 kwa saa. Mfuko wa mtu mzima una zaidi ya maradufu ya alichohitaji, na jicho halikadirii vizuri. Muuguzi aliupima kwenye mizani ya kidijitali ya watoto wachanga kabla ya kuutundika, akaandika uzito kwenye plasta, na kuupima tena kila saa. Tuliufunga saa 5:30 usiku.

## Matokeo

Saa 7 usiku mapigo yalikuwa 138 na pumzi 40. Ini lilirudi vidole viwili. Alfajiri, baada ya dozi ya pili ya artesuneti, mtoto aliomba uji. Himoglobini ya asubuhi ilikuwa 5.9. Hiyo ni nusu tu ya kawaida, lakini lengo la usiku ule lilikuwa kumvusha moyo. Uboho wake wenyewe utamaliza kazi.

Aliruhusiwa siku ya nne, akiwa na dozi kamili ya dawa mseto ambayo safari hii ilisimamiwa hadi kidonge cha mwisho. Tulimwita siku ya 7, 14 na 28, kwa sababu wapo wanaopata kupasuka tena kwa chembe wiki moja hadi tatu baada ya artesuneti. Kwake haikutokea. Siku ya 28 alikuwa na 9.6. Baba alikuja na ndugu zake wawili siku ya uchangiaji damu.

## Tuliyoyapatia na tuliyoyakosea

Kilichomwokoa ni mkono wa muuguzi kwenye ini dakika ya 20. Hakuna aliyemwagiza. Kama angesubiri dripu iishe ndipo apime, mililita 110 nyingine zingeingia, na sidhani tungefika saa 1:20. Tangu siku ile, kwetu mtoto yeyote mwenye chochote mshipani anaandikiwa ini, mapigo na pumzi kabla, na tena kila robo saa, na muuguzi ana ruhusa ya kufunga bila kuniuliza.

Kuleta damu badala ya kumpeleka mtoto kulifaulu, ila sitakiita kanuni. Tulikuwa na oksijeni na umeme haukukatika. Kituo kisicho na hivyo viwili kingefanya hesabu tofauti.

Foleni ya dakika 40 ni kosa la mpangilio wetu. Sasa mhudumu mmoja hupita kwenye mabenchi akifungua viganja vya watoto na kuvilinganisha na chake, kabla ya kadi kuandikwa.

Kosa jingine lilijificha hadi baadaye. Mtoto mwenye upungufu mkali kiasi hiki anapaswa kupimwa selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu, na sampuli yake huchukuliwa kabla ya kuongezewa damu, kwa sababu chembe za mchangiaji zikishaingia, kipimo kinaweza kusoma za mchangiaji. Katika haraka ile hakuna aliyekumbuka, nami nikiwa wa kwanza. Chembe nyekundu huishi hadi siku 120, hivyo ilitubidi kungoja miezi minne tukiwa hatujui, na familia ikiishi na swali hilo. Majibu yalikuja hana. Siku hizi kwenye trei ya kutolea damu ya kundi na krosimachi (kipimo cha kuoanisha damu ya mgonjwa na ya mchangiaji) kuna chupa ndogo ya tatu yenye kifuniko cha zambarau, na karatasi yake imeshajazwa neno moja: selimundu.